SOMO LA ROBO HII: MTOTO ANAPOCHELEWA KUKAA, KUTEMBEA NA KUSEMA



Somo hili tumeliandaa lisomwe na kujadiliwa katika kikao kimoja cha kamati. Linahusu watoto wa chini ya miaka 3 ambao hatua zao za ukuaji zinachelewa. Lengo letu ni moja: kufupisha muda kati ya siku mama anapopata wasiwasi juu ya mtoto wake na siku mtoto huyo anapopata msaada wa kwanza.

1. Hali ilivyo majumbani

Tuchukue mfano wa kaya ya kawaida wilayani Muleba. Baba yuko kwenye uvuvi visiwani. Mama anaamka alfajiri, anapalilia migomba, anarudi kumenya ndizi za mchana. Bibi anabaki na mtoto wa miezi 20, aliyewekwa juu ya mkeka karibu na mlango. Mtoto huyu hajasimama, na akikaa bila kuegemezwa anaanguka.

Mama alianza kuona tofauti mtoto akiwa na miezi 9. Bibi akamtuliza kwamba hata baba yake alichelewa. Jirani akanong'ona kwamba mtoto amerogwa. Baba alipopigiwa simu hakusema kitu. Kliniki mtoto alipimwa uzito na kuchanjwa, lakini foleni ilikuwa ndefu na mama aliona haya kuuliza. Hivyo ndivyo miezi 11 inavyopita. Hakuna aliyemchukia mtoto, na bibi alisema vile kwa upendo. Hata hivyo miezi hiyo hairudi.

Kwa nini miezi ni muhimu kiasi hicho? Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa sana katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka 2. Baada ya hapo mtoto bado anajifunza, ila kwa jasho zaidi. Mtoto mwenye misuli iliyokaza asiponyooshwa na kukalishwa vizuri, viungo vyake huendelea kukakamaa. Mtoto asiyesikia asipogunduliwa mapema, hupoteza miaka ambayo angejifunza lugha ya alama. Anayepata shida kumeza hudhoofu kwa njaa katika nyumba yenye chakula.

2. Hatua za kuangalia

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wenye afya hawafanani, lakini karibu wote hufikia hatua ndani ya muda fulani:

- Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 4 na miezi 9.
- Kusimama akishikilia kitu: kati ya miezi 5 na miezi 11.
- Kutembea mwenyewe: kati ya miezi 8 na miezi 18.

Wapo wachache ambao hawatambai kabisa, nao hutembea vizuri. Kwa mtoto njiti, tuhesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kwa upande wa lugha, mtoto wa mwaka 1 kwa kawaida hugeuka akiitwa jina lake. Wa mwaka 1 na nusu huwa na maneno machache, na wa miaka 2 huanza kuunganisha maneno mawili. Wazazi wengi hutuuliza kama kuchanganya Kihaya na Kiswahili ndiko kunakomchelewesha. Hapana. Mtoto anaweza kujifunza lugha mbili kwa pamoja bila madhara.

Zipo dalili ambazo hazitakiwi kusubiri hata wiki: mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao, kupata degedege, kulegea au kukakamaa mwili, kutumia mkono mmoja tu, kutoshtuka kwa sauti kubwa, au kichwa kukua haraka kuliko mwili.

3. Sababu, na lawama isiyo na msingi

Kuchelewa hatua si ugonjwa mmoja. Mtoto huenda alichelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, au alipata manjano makali siku za kwanza. Huenda aliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Wengine huzaliwa na hali kama sindromu ya Down. Wengine hawasikii kwa sababu masikio yametoa usaha muda mrefu bila kutibiwa. Wengine wamedhoofishwa na lishe duni na kukosa mtu wa kucheza na kuzungumza naye. Mara nyingine hata daktari hapati sababu.

Baadhi ya sababu hizi zinakingika. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Muleba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kiambato cha PBO huwakinga watoto na malaria kuliko vyandarua vya kawaida. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Kagera watoto takriban 34 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Mkoa wetu hauna uhaba wa migomba. Ndizi hushibisha, lakini peke yake haitoshi kumjenga mtoto. Inahitaji maharage, dagaa, yai, karanga au maziwa, pamoja na mboga za majani.

Kuhusu lawama, tusome Yohana 9. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu alikataa majibu yote mawili, kisha akainama, akatengeneza tope na kuanza kazi. Kamati inayouliza "nani kasababisha?" inarudia swali la wanafunzi. Iulize "tuanze na nini?"

4. Kazi ya nyumbani isiyohitaji fedha

Msaada wa kwanza huanzia mkekani, katika kazi za kila siku:

- Wakati wa kumenya ndizi, mkalishe mtoto kati ya miguu yako, mgongo wake ukiegemea kifua chako. Zungumza naye juu ya unachofanya, nyamaza kidogo, umpe nafasi ya kujibu hata kwa sauti tu.
- Mtengenezee mpira wa majani makavu ya migomba. Uweke mbali kidogo ili aufuate. Usimpe maharage makavu kuchezea, kwani humpalia au huingia puani.
- Asilishwe akiwa amelala chali. Aketi wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, apewe chakula kilichopondwa, kijiko kidogo kidogo. Atakayekohoa kila mara anapomeza apelekwe hospitali.
- Mwite kutoka nyuma, mahali asipokuona. Kama hageuki, rudia siku nyingine. Kama bado hageuki, apimwe masikio.
- Mwenye kifafa asiachwe karibu na mafiga. Akishikwa, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni. Dawa zake zisikatishwe bila ushauri wa mganga.

Dakika 10 za mchezo mara 3 kwa siku, kila siku, zina faida kuliko saa 2 za Jumamosi pekee. Baba, bibi na watoto wakubwa wote wafundishwe, maana mama peke yake atachoka.

5. Njia ya kupata huduma

Mzazi aanze zahanati au kituo cha afya, akiwa na kadi ya kliniki, na aseme wazi: "Mtoto wangu ana miezi kadhaa na bado hafanyi hiki." Aombe rufaa. Wilayani Muleba tuna hospitali za Ndolage na Rubya, Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Mwanza kuna Bugando. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ustawi wa jamii nao washirikishwe.

Hii ni haki ya mtoto, si hisani. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayogusa mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama.

6. Wajibu wa usharika na wa wafadhili

Katika Marko 2 mgonjwa alifika kwa Yesu kwa sababu watu wanne walibeba godoro lake, na walipozuiwa mlangoni walipanda darini. Kwa mama wa Muleba, mlango uliozibwa mara nyingi ni nauli ya bodaboda, shamba lisilo na mpaliliaji na aibu ya kuonekana. Tunapendekeza kila usharika uchague "wabebaji wanne" kwa kila mtoto: mmoja wa kufuatilia tarehe za kliniki, mmoja wa nauli, mmoja wa kusaidia shamba siku ya safari, na mmoja wa kuzungumza na baba na wazee wa ukoo.

Jambo hili si geni kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, familia nyingi zilificha. Kuficha hakukumwokoa mtu. Sharika zilipoanza kwenda nyumba kwa nyumba, yatima wakajulikana kwa majina na wakahudumiwa, na huduma ya HUYAWA ni shahidi wa hilo. Wazee wa kanisa waliojifunza kubisha hodi wakati ule, na waliorithi kazi yao, wanaweza kubisha tena.

Kwa wafadhili, tunaomba uvumilivu. Si kila mtoto atatembea, na hatutaahidi hivyo ili kupata fedha. Mafanikio tutakayowaripotia yatakuwa kama haya: mtoto anakaa mwenyewe na kula na wenzake, mwingine anaomba maji kwa ishara, mama amerudi kwenye kwaya. Kiti cha magurudumu kisichopimwa kwa mtoto mwenyewe kinaweza kumuumiza. Mara nyingi kiti cha pembeni kilichochongwa na fundi seremala wa kijijini, kwa vipimo vya mtaalamu wa viungo, kinafaa zaidi. Na picha ya mtoto haitatumwa bila ridhaa ya wazazi wake.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi wa chini ya miaka 3 ambao hatujawaona kanisani wala kliniki? Nani atawatembelea, na lini?
2. Ni maneno gani tunayoyasema ambayo humfanya mama amfiche mtoto?
3. Akina baba watashirikishwaje?
4. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anahitaji nini ili ampokee mtoto asiyetembea au asiyesema?

Tunaomba kila kamati iandike majibu yake katika muhtasari, ikitaja mhusika na tarehe ya kila kazi, na kutuletea nakala kabla ya robo ijayo. Majina ya watoto yasiandikwe humo. Idadi na mtaa vinatosha.

Bwana awatie nguvu katika kubeba.