Hadhi na Fedheha ya Mwimbaji: Mfano wa Siti binti Saad

Katika Roma ya kale mwigizaji alishangiliwa na umma, ilhali sheria ilimhesabu miongoni mwa watu waliofedheheka. Mwaka 46 K.K., Decimus Laberius, mtu wa tabaka la pili baada ya maseneta, alilazimishwa na Julius Caesar kuigiza hadharani. Kwa kupanda jukwaani tu alipoteza cheo chake, hata Caesar mwenyewe alipomrudishia.

Unguja hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Doa la mwimbaji lilikaa katika midomo ya watu, na hata katika jina. Siti alizaliwa Fumba mnamo 1880 katika ukoo wa watumwa, akaitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Jina halikufutwa pamoja nao. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiuza, kisha mnamo 1911 akahamia mjini. Huko ndiko alikoitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay. Sifa ziliongezeka, lakini mahasidi walimwimbia nyimbo za kumkejeli kwa ushamba, ufukara na sura yake. Naye alijibu kwa wimbo, akiitukuza akili kuliko uzuri. Laberius alirudishiwa hadhi na mtawala. Siti aliidai yake kwa sanaa ileile iliyomponza.

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, jina alilolitia katika anwani ni Siti, si Mtumwa.