Mikono Ikitetemeka, Kazi Ipewe Saa Yake

Ugonjwa wa Parkinson haufuti ufundi wa mtu. Mama aliyefinyanga vyungu miaka thelathini bado anajua chungu kinavyosimama. Kilichoharibika ni mwendo: chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zimepungua, basi mkono unachelewa kuanza, unatetemeka ukiwa umetulia, na kila tendo linazidi kuwa dogo, hata mwandiko. Mwongozo huu ni wa anayeishi nao huku Mlola, Lushoto, na wa aliye na mgonjwa nyumbani.

Hatua ya kwanza: pata jina la ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro. Wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wanayo. Uganda nako kuna wanaoamini kwamba mtu akitetemeka amevunja mwiko wa wakwe. Huku kwetu husemwa uzee, au husemwa karogwa, na mgonjwa hufichwa chumbani. Anzia hospitali ya wilaya Lushoto, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC au Muhimbili.

Hatua ya pili: zijue saa zako nzuri. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na bila hiyo zinazofuata hazishiki. Kama umepewa dawa ya levodopa, chukua daftari la shule. Kwa wiki moja andika saa uliyomeza kidonge, saa mwili ulipolegea, na saa ulipokaza tena. Mkono ukigoma, mjukuu aandike. Utaona kuna vipindi mwili unakutii. Kazi ya mikono iwekwe humo. Maongezi na wageni yangoje.

Sasa maharage. Lushoto tunayala asubuhi, mchana na usiku, na protini yake hugombania njia moja na levodopa kuingia mwilini. Wengi hupata nafuu zaidi wakimeza dawa nusu saa au zaidi kabla ya kula. Muulize daktari saa inayokufaa wewe. Maharage yenyewe usiyaache. Ukisikia kwamba upupu nao una levodopa, ni kweli, lakini hakuna ajuaye kiasi kilichomo katika kiganja cha mbegu. Usijitibu nao.

Hatua ya tatu: chagua kazi yenye mwendo mkubwa. Mbegu za karoti zitakutesa, viazi utavipanda. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri kwa sababu unataka kiganja kizima, na mtetemo mara nyingi hupungua mkono unapoanza kutenda. Tengeneza kamba nene za udongo, chungu kiwe kipana. Anayesuka matenga ya mianzi aendelee kusuka, lakini kuchana mianzi kwa kisu amwachie kijana. Anayependa kuandika achore mistari iliyoachana vidole viwili, kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini. Mimi ningeanza na udongo: ukiharibika unakandwa upya.

Hatua ya nne: tafuta mdundo. Miguu ikiganda mlangoni, usiilazimishe wala usikubali kuvutwa mkono. Simama, hesabu moja mbili, kisha vuka mstari uliochorwa sakafuni kama unaruka mfereji. Mdundo wa nje huuamsha mwendo ambao ubongo umeshindwa kuuanzisha. Waliokulia kwenye ngoma ya mdumange wanao mdundo tayari. Mtu aipige ngoma pole pole, nawe utembee uani au usuke kwa kuifuata. Imba kwa sauti pia, kwani ugonjwa huu huipunguza sauti bila mwenyewe kujua.

Hatua ya tano: awepo anayeisubiri kazi. Chungu cha kujifurahisha huachwa njiani siku ya baridi na ukungu. Chungu alichoagiza jirani kwa ajili ya arusi humtoa mtu kitandani. Chukua oda chache, taja siku ya mbali kuliko unayodhani, na umweleze mteja sababu. Familia nayo ijizuie kumpokonya kazi kwa huruma; kikombe kikimwagika, kifutwe tu.

Jambo la kuangalia. Baadhi ya dawa za Parkinson huweza kuleta hamu isiyozuilika: mtu hachoki kuchora, halali, au ghafla anacheza kamari na kununua ovyo. Hamu mpya ya sanaa ni neema mpaka inapokula usingizi na fedha za nyumba. Hapo mwambieni daktari mapema, na dawa isikatwe ghafla bila yeye.