Uyoga wa Msitu wa Meru: Kuvu Wahitajio Hifadhi

Wakazi wengi wa Kata ya Kaloleni huujua uyoga kwa kuuona sokoni msimu wa masika. Hata hivyo, kile kionekanacho juu ya ardhi ni tunda tu la kuvu. Mwili wake halisi ni utando wa nyuzi nyembamba uliojificha ndani ya udongo au gogo linalooza. Utando ukiharibiwa, uyoga hauoti tena mahali hapo.

Katika miteremko ya Mlima Meru, kuvu huozesha magogo na majani makavu, na hivyo kuirudishia ardhi rutuba. Wengine hushikamana na mizizi ya miti: huipatia maji na madini, nayo miti huwapa sukari. Msitu huo ndio unaolinda vyanzo vya mito kama Themi na Naura, inayopita katika Jiji la Arusha. Kwa hiyo, afya ya kuvu inagusa pia maji ya mjini.

Uyoga wa vichuguuni ni mfano bora wa utegemezi. Mchwa huwalisha kuvu mabaki ya mimea, na kuvu huyalainisha yawe chakula cha mchwa. Kichuguu kikibomolewa, ushirika huo huvunjika.

Hatari si ya kubuni. Mwaka 2025, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilieleza kuwa kati ya aina 1,300 hivi za kuvu zilizotathminiwa duniani, zisizopungua 411 zimo hatarini kutoweka. Sababu kuu ni pamoja na ufyekaji wa misitu, kilimo, upanuzi wa miji na mabadiliko ya tabianchi.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Kuokota uyoga ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha hakuruhusiwi. Katika misitu mingine ya hifadhi, kuvuna mazao ya msitu huhitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

2. Panaporuhusiwa kuvuna, uyoga mchanga uachwe ukomae na kusambaza mbegu zake, na udongo usifukuliwe.

3. Magogo yaliyooza yasiondolewe yote kwa ajili ya kuni, kwani ndiyo makazi ya kuvu.

4. Uyoga usiotambulika usiliwe kamwe. Kuna sumu zisizoondoka kwa kupikwa, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 6 au zaidi. Aliyekula na kuanza kutapika au kuharisha apelekwe hospitali bila kukawia, pamoja na mabaki ya uyoga huo.

5. Mwenye haja ya kitoweo au kipato aoteshe uyoga mamama nyumbani. Huhitaji chumba kidogo chenye unyevu, mbegu bora, na mabua au majani makavu ya migomba yaliyochemshwa. Maofisa ugani ndio washauri wa kilimo hicho.

Kila kilo inayooteshwa nyumbani huupunguzia msitu mzigo.