Kumnyamazia Mganga Aliye Mgonjwa

Wengi wetu twadhani ya kuwa mganga haugui. Tukimwona amevaa koti jeupe twampa mwili wetu bila kuuliza neno. Lakini mganga naye ni mtu: huweza kushikwa na ulevi, au na dawa zile zile awapazo wengine, au akili yake ikadhoofika kwa uzee. Hapo mkono wake waweza kumdhuru yule aliyekuja kuponywa. Basi wenzake wanaoona hali hiyo, yawapasa kufanya nini?

Tutaeleza jambo lililotokea Marekani. Mwaka 2008, katika hospitali moja mjini Pittsburgh, fundi mmoja wa eksirei alionekana akiiba sindano ya fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu. Alipopimwa, dawa ilionekana mwilini mwake. Akaondolewa kazini, naye akaenda kutafuta kazi jimbo kwa jimbo, akapata. Desturi yake ilikuwa kuitwaa sindano iliyotayarishwa kwa mgonjwa, kujidunga mwenyewe, kisha kuijaza maji ya chumvi na kuirudisha mahali pake. Naye alikuwa na homa ya ini ya namna ya C. Hivyo mgonjwa alikosa dawa ya maumivu, akapewa ugonjwa badala yake. Mambo hayo yalifichuliwa mwaka 2012, katika mji mdogo wa Exeter, jimbo la New Hampshire. Walioambukizwa walipita 40, na fundi yule mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 39.

Watu walioambukizwa katika jimbo la Kansas waliishtaki hospitali ile ya Pittsburgh, wakisema ya kuwa haikutoa habari kwa serikali ilipomkamata mwizi. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo la Pennsylvania ilikubali kesi yao iendelee, ikasema ya kuwa hospitali katika hali kama ile ina wajibu wa kuwaarifu wenye mamlaka. Litazameni neno hilo! Walioshtaki hawakuwa wagonjwa wa hospitali ile, bali watu wa mbali. Kumtoa mtu mlangoni pako na kunyamaza ni kumpelekea jirani hatari.

Kwa nini watu hunyamaza? Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2010 walijibu waganga 1,891. Katika kila 100, 17 walisema wanamjua mwenzao asiyefaa kazi. Na katika hao, theluthi moja hawakutoa habari. Sababu iliyotajwa kuliko zote haikuwa hofu. Walidhani ya kuwa mtu mwingine amekwisha kulishughulikia neno hilo. Ndivyo nyumba iunguavyo, kila mtu akidhani mwenziwe amekwenda kuchota maji.

Wengine, hasa katika sharika zetu, huogopa kuitwa wasengenyaji. Lakini msengenyaji husema asiyoyaona, mbele ya watu wasioweza kuyatengeneza. Mwenye kutoa habari husema aliyoyaona, siku na saa, mbele ya mwenye mamlaka, kisha hufunga kinywa chake. (Nasi twaona ya kuwa wanaoogopa kutoa habari mara nyingi ndio wanaonong'ona jikoni.)

Tena tumfikiri mganga mwenyewe. Anayefichwa hubaki peke yake na ugonjwa wake, akizidi kuzama, mpaka siku ya msiba. Katika majimbo 16 ya Marekani waganga 904 walioshikwa na ulevi au dawa walitiwa katika matunzo maalumu, wakaangaliwa kwa miaka mitano. Walipimwa mara kwa mara bila kuarifiwa mbele, na aliyerudia ulevi alijulikana mapema. Habari zao zilitangazwa mwaka 2008. Katika wale ambao mwisho wao ulijulikana, karibu 79 kati ya kila 100 walikuwa na leseni zao, nao walikuwa kazini.