Bastola ya Marehemu: Mali Hurithiwa, Leseni Hairithiwi

Katika vijiji vya Kibuta na kata nyingine za Kisarawe, kisomo cha arobaini kikishamalizika, wakubwa wa ukoo hubaki barazani kugawana vitu vya marehemu. Kanzu humwendea huyu, bakora yule, msala na redio vikapata wenyewe. Mara mojamoja, kutoka uvunguni au darini, hutolewa kitu ambacho hakuna anayetaka kukitaja kwa sauti: gobore la kuwindia nguruwe pori, au bastola kuukuu iliyoviringishwa kitambaa chenye mafuta. Mtoto mkubwa hukichukua kwa heshima, akasema ni kumbukumbu ya mzee na hakiuzwi. Wengine huitikia kwa kichwa. Kwa kitendo hicho cha dakika moja, kilichofanywa kwa mapenzi matupu, familia huweza kuwa imevunja sheria mbili kwa pamoja: ya mirathi na ya silaha.

Nguzo ya suala hili ni rahisi, ila husahaulika. Silaha iliyokuwa na leseni hubeba mambo mawili yaliyofungwa pamoja mwenyewe akiwa hai. La kwanza ni umiliki, yaani kile chuma na thamani yake. La pili ni idhini ya kukaa nacho, yaani leseni aliyopewa mtu mmoja baada ya yeye mwenyewe kuchunguzwa mwenendo wake, akili yake na sababu zake za kutaka silaha. Kifo huyatenganisha. Umiliki hubaki kwenye mirathi na kungoja warithi, lakini leseni huenda kaburini na mwenyewe, kama leseni ya udereva inavyokwenda ilhali gari limebaki uani. Karibu kila kosa la familia kuhusu bunduki ya marehemu hutokana na kudhani kwamba anayerithi chuma amerithi na idhini.

Tuanze na umiliki, kwa kuwa hapo ndipo haki za mwananchi zilipo. Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali hiyo kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo silaha aliyoinunua marehemu kihalali na kuisajili ni mali kama shamba la mikorosho, na kufa kwake hakuifanyi kuwa ya Polisi. Ni ya warithi wote, na hapa yule mtoto mkubwa aliyeibeba barazani anakutana na kikwazo cha kwanza. Mirathi ikifuata sheria ya Kiislamu, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kisarawe, mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mafungu hayo yamo hata ndani ya bastola. Ikiwa familia inafuata mila, Wazaramo wa hapa kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa wa marehemu anaweza kuwa na neno lake. Kukiita kitu “kumbukumbu” hakukiondoi kwenye hesabu. Mara nyingi neno hilo hutumika, kwa kujua au kutojua, kumpa mwanamume mmoja kitu ambacho mama na dada zake nao wana haki ndani yake.

Ndiyo sababu njia sahihi hupitia Mahakama ya Mwanzo. Ukoo hukaa kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, naye hupeleka maombi mahakamani pamoja na ushahidi wa kifo. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotolewa mwaka 1971, zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Baadaye hueleza mgawanyo katika Fomu Namba 6. Silaha iandikwe katika orodha hiyo bila kificho: aina yake, namba yake, na kituo cha polisi inakohifadhiwa. Msimamizi anayeiruka kwa kuona haya ameificha mali ya mirathi, na mrithi yeyote anaweza kumlalamikia mahakamani.

Upande wa idhini sheria ni kali zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kukaa na silaha bila leseni, na kukaa na risasi bila kibali ni kosa jingine linalojitegemea. Kwa hiyo sanduku moja lenye bastola na risasi tatu laweza kuzaa mashtaka mawili. Uzito wenyewe huonekana mahakamani, kwani makosa haya hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Maana yake ni kwamba kesi huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anayetiwa hatiani kwa kosa la uhujumu uchumi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mwananchi wa kawaida akisikia “uhujumu uchumi” huwaza mabilioni ya fedha za umma. Hawazi bunduki ya babu iliyoko darini, na pengo hilo kati ya anachokijua na kilichoandikwa ndilo linalowaumiza watu wema.

Pingamizi linalosikika kwanza ni kwamba chombo chenyewe ni kuukuu, kimeshika kutu na hakilii. Umri peke yake hauokoi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, iliyopitishwa mwaka 2001, inaziweka kando silaha za kale, lakini inaweka ukomo kwamba silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Pima bastola za kizungusho zilizoingia Tanganyika enzi za Waingereza kwa kipimo hicho. Webley Mark VI, iliyokuwa kiunoni mwa maofisa wengi wa jeshi lao, ilipitishwa mwaka 1915, na Enfield Namba 2 ni ya miaka ya 1930. Machoni pa mjukuu ni vitu vya zama za kale, lakini hata kwa kipimo hicho kilicholegea ni silaha tu. Gobore nalo mara nyingi ni changa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mafundi wa vijijini wameendelea kuyatengeneza, na mahakama zetu zimesikiliza kesi nyingi ambazo kielelezo chake kilikuwa gobore moja tu. Kuhusu kutu, hiyo ni hoja ya mtaalamu wa silaha wa Polisi. Familia haiwezi kujitolea hukumu kwamba chuma kimekufa, wala haipaswi kumpelekea fundi wa kuchomelea akizibe mtutu, maana kushughulikia silaha bila idhini huongeza tatizo juu ya tatizo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka moyoni. Husemwa kwamba sheria haijui maana ya kitu kilichoshikwa na mkono wa baba, na kwamba ukoo ukikitoa umemtupa marehemu mara ya pili. Ni kweli kwamba sheria haina mizani ya mapenzi. Hata mali ikipotea na mtu akadai fidia ya hasara mahususi, mahakama humtaka aitaje na kuithibitisha kwa vielelezo, na uchungu wa kumbukumbu hauna stakabadhi. Lakini hoja hii inachanganya kumbukumbu na chombo. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifika Uzaramo, na miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani alikuwemo Kibasila, jumbe wa Kizaramo. Leo jina lake limo midomoni mwa maelfu kupitia shule ya sekondari ya Kibasila jijini Dar es Salaam, na hakuna anayeuliza bunduki yake iko wapi. Wazaramo wanajua vizuri kurithishana jina, na jina halihitaji leseni. Picha ya marehemu, kitabu chake cha leseni ya zamani, mkoba wa ngozi wa bastola ukiwa mtupu, na simulizi iliyoandikwa kwa mkono wa mjukuu vyote vyaweza kukaa sebuleni bila hofu. Ikiwa silaha yenyewe ina historia ya kweli, familia inaweza kuzungumza na Makumbusho ya Taifa, kwa kupitia Polisi, ili ikatunzwe mahali ambapo watoto wa watoto wataikuta na jina la mwenyewe ubavuni.

Yuko pia anayesema kwamba bunduki inahitajika, kumbukumbu ni nyongeza tu: nyani na nguruwe pori wanamaliza mihogo, na wezi nao hawalali. Haja hiyo ni halali, na sheria imeiwekea mlango wake. Mrithi mwenye haja aombe leseni kwa jina lake. Maombi huanzia kwa uongozi wa kijiji na kamati za ulinzi na usalama, hupita kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwa Kamanda wa Mkoa wa Pwani aliyeko Kibaha, hadi kwa msajili wa silaha makao makuu. Akikubaliwa, na warithi wenzake wakiridhia au wakilipwa mafungu yao, silaha huhamishiwa kwake na kumbukumbu inarudi nyumbani kihalali. Akikataliwa, silaha inaweza kuuzwa kwa mwenye kibali na fedha zikagawanywa. Ila hoja ya ulinzi ina upande wa pili ambao mkoa wa Pwani umeuonja. Aprili 2017, huko Kibiti, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa na silaha zao zikaporwa. Ikiwa bunduki iliyoko mikononi mwa askari inawavuta wauaji, ile iliyofichwa darini kwa kikongwe mjane inamlinda nani? Siku ikiibiwa, mjane hawezi hata kuripoti bila kujishtaki mwenyewe.

Linabaki pingamizi ambalo watu hulisema kwa kunong’ona: tukiipeleka, tutakamatwa sisi. Hofu hii ina msingi, ndiyo maana namna ya kuipeleka ni muhimu kama kuipeleka kwenyewe. Usiibebe kwenye bodaboda wala daladala kwenda Kisarawe mjini, kwa sababu ukikutwa nayo njiani utaonekana mmiliki asiye na leseni, hata kama nia yako ni njema. Iacheni pale ilipo, msiipakue wala kuijaribu. Msimamizi wa mirathi, au mzee wa ukoo kama msimamizi bado hajateuliwa, aende kituoni mikono mitupu akiwa na cheti au ushahidi wa kifo, leseni ya marehemu ikiwepo, na ikiwezekana afuatane na mtendaji wa kijiji. Atoe taarifa, na Polisi waje kuichukua wenyewe. Inapochukuliwa, familia idai hati yenye aina ya silaha, namba, idadi ya risasi, tarehe, jina na namba ya askari, pamoja na saini za mashahidi. Karatasi hiyo itaingia kwenye Fomu Namba 5, na ndiyo itakayothibitisha dai lenu endapo silaha itapotea au itaharibika.

Kwa silaha ambayo haikuwahi kusajiliwa, kama yalivyo magobore mengi, hakuna leseni ya kuhamisha, na mlango ulio salama ni kuisalimisha. Umoja wa Afrika uliutangaza Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha barani mwaka 2017, na mpango huo umeongezwa hadi 2030. Serikali yetu nayo ilitangaza msamaha wa namna hiyo mwaka 2022 na tena mwaka 2023, kwamba anayesalimisha kwa hiari ndani ya muda uliotajwa hatashtakiwa. Msamaha huo una mwanzo na mwisho, na haumlindi anayekutwa na silaha kabla hajaitoa. Ukiwa nje ya kipindi hicho, tafuta kwanza ushauri wa wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Polisi wakifika kupekua kabla hujachukua hatua, bado una haki ya kujua wanatafuta nini, kuwa na shahidi huru, na kupewa hati ya vilivyochukuliwa. Usisaini karatasi usiyoisoma au kusomewa.

Hesabu yote inarudi pale barazani. Warithi wana haki ya thamani ya bastola, haki ya kuandikiwa hati, na haki ya mmoja wao kuomba leseni. Hawana haki ya kuilaza ndani usiku mmoja kwa sababu tu walimpenda marehemu. Kwa hiyo siku ya kugawana vitu, mwenye kuiona bastola na aiseme mbele ya wote, na siku hiyohiyo mtu mmoja aende kituoni kutoa taarifa.