Kisima Chako Kinakunywa Mtoni: Soma Kabla Hujachimba

Wakulima wenzangu, kabla hatujafika kwenye visima naomba mnijibu swali moja. Mvua za masika zimekatika Mei. Juni hakuna tone, Julai hakuna, Agosti vumbi tupu. Sasa mbona kijito cha bondeni bado kinatiririka Septemba?

Wengi huniambia, "Yanatoka mlimani, bwana shamba." Sawa, lakini mlimani nako hakunyeshi. Maji hayo yanatoka ardhini. Mvua ya masika ilizama, ikajaza mchanga na changarawe chini ya mashamba, na sasa inavuja polepole kuelekea sehemu ya chini kabisa ya bonde, ambayo ndiyo mto. Wakati wa kiangazi, kijito ni maji ya ardhini yaliyojitokeza juu tu. Hakuna maji mawili pale.

Hili mimi nililijua darasani, lakini shambani nikalisahau, na waliolipia ni wengine. Vijana wanane walinijia wakitaka kulima nyanya na vitunguu vya kiangazi. Wakulima wa chini walikuwa wameshaanza kulalamika kuhusu pampu zinazochota mtoni moja kwa moja. Nikawaambia, jamani, acheni mto, chimbeni visima. Tukapima mita 70 kutoka ukingoni, tukazivuka zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, tukajiona tumemaliza. Kila mmoja akafunga pampu ya lita 5 kwa sekunde, saa 6 kwa siku.

Piga hesabu nami. Pampu moja ni lita 108,000 kwa siku. Pampu nane ni lita 864,000. Ukizigawa kwa sekunde zote za siku nzima, unapata lita 10 kwa sekunde. Mwaka uliotangulia, mwezi kama huo, kijito tulikipima kikiwa na lita 14 kwa sekunde. Baada ya miezi miwili ya kupampu tukakipima tena: lita 6. Kina mama wa chini wanaomwagilia mchicha kwa ndoo walikuta mchanga umelowa tu. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alikuja ofisini, akakaa, akaniuliza bila ukali, "Mwanangu, wale vijana hawakugusa mto. Sasa nani kaugusa?"

Jibu lake lilishaandikwa zamani. Charles Theis alikuwa mtaalamu wa maji ya ardhini katika idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, akifanya kazi New Mexico. Mwaka 1940 alichapisha makala fupi akiuliza swali ambalo sisi wa mashambani hatujiulizi: maji ya kisima yanatoka wapi? Hoja yake ni kama ya mahesabu ya duka. Kabla hujachimba, ardhi imesawazisha vitabu vyake: kinachoingia kwa mvua kinalingana na kinachotoka kwenda kwenye chemchemi, mito na mizizi ya miti. Ukianza kupampu umeongeza tokeo jipya. Lazima litoke mahali. Ama maji yanayoingia yaongezeke, ama yanayotoka yapungue, ama akiba iliyo chini ishuke. Njia ya nne hakuna.

Siku za mwanzo kisima hula akiba. Ndiyo maana ukichimba leo ukapampu kesho, mto hauonyeshi kitu, na wewe unatamba kwamba kisima chako hakihusiani nao. Lakini shimo la maji linatanuka chini ya ardhi siku hadi siku mpaka linafika mtoni. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, unadaka maji yaliyokuwa njiani kwenda mtoni. Ukizidisha, unageuza mwelekeo kabisa: maji ya mto yanazama kwenye kitanda chake na kurudi kisimani kwako. Watu hudhani madhara yanaanza kwenye hili la pili. Hapana. Hata lile la kwanza peke yake linatosha kukausha kijito, maana unamkata mtu mshahara kabla haujafika benki.

Mwaka 1941 Theis aliandika tena, safari hii juu ya athari ya kisima kwa mto ulio jirani. Baadaye, mwaka 1968, C. T. Jenkins wa idara hiyohiyo alirahisisha hesabu hadi mkulima anaweza kuifanya kwa simu. Chukua umbali kutoka kisima hadi mto, uzidishe kwa wenyewe. Zidisha kwa sehemu ya udongo inayoachia maji (mchanga wa kawaida, weka 0.2). Gawanya kwa uwezo wa tabaka kupitisha maji. Kwa mchanga unene wa mita 10 unaopitisha mita 20 kwa siku, uwezo huo ni 200. Jibu ni idadi ya siku. Ukipampu mfululizo kwa siku hizo, karibu nusu ya maji unayotoa siku ile yanatoka mtoni.

Mita 50, siku 2 na nusu. Mita 100, siku 10. Mita 200, siku 40. Mita 400, siku 160. Angalia vizuri: ukiongeza umbali mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Hapo ndipo pa kufanyia biashara, nitarudi.

Visima vyetu vya mita 70 vinapata siku 5 hivi. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili, hesabu hiyohiyo inasema zaidi ya lita 8 katika kila lita 10 zilikuwa za mto. Ni makadirio, kwa sababu inachukulia udongo ni wa aina moja na mto umekaa sawasawa juu ya tabaka lile, jambo ambalo bondeni halipo. Lakini 14 kutoa 8 ni 6, na 6 ndiyo tuliyopima.

Kilichonishtua zaidi ni kuzima. Baada ya kikao cha kijiji pampu zilizimwa zote, watu wakasubiri maji kesho yake. Hayakuja. Lile shimo la chini lazima lijae kwanza, na linajazwa na maji yaleyale ya mto. Kwa visima vya mita 70 vilivyofanya kazi siku 60, siku ya tano baada ya kuzima mto bado unakosa zaidi ya theluthi ya kile kilichokuwa kikipampiwa. Tukaonekana tunawadanganya, kwamba tunawasha usiku.

Na msidhani ni ugomvi wa vijijini tu. Jimbo la Kansas liliishtaki Nebraska mwaka 1998 juu ya Mto Republican, na visima vya umwagiliaji ndivyo vilikuwa kiini cha mzozo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Nebraska ilipe dola milioni 5.5 kwa kutumia maji kuzidi mgao wake.

Basi ufanye nini? Kwanza ujue mto wako unapokea au unatoa. Chukua bomba jembamba, toboa matundu madogo ncha ya chini, lipigilie kwenye kitanda cha mto nusu mita hivi, subiri maji yatulie. Yakisimama juu kuliko uso wa mto, ardhi inaulisha mto. Yakiwa chini, mto unailisha ardhi, na kama visima viko jirani shuku visima. Kisha pima mtiririko kila wiki: upana mara kina cha wastani, mara kasi ya kijiti kinachoelea kwenye mita 10, halafu zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Andika kwenye daftari. Daftari hilo litakusaidia siku ya kikao kuliko maneno.

Pili, kuhusu zamu. Vijana walipendekeza wapampu kwa zamu, wanne leo, wanne kesho. Mtoni moja kwa moja zamu inasaidia. Kwa kisima cha mita 70 haisaidii, kwa sababu mto unahisi wastani wa siku kadhaa. Kama jumla ya saa haikupungua, hujapunguza kitu. Tukahamia dripu na matandazo, tukashusha kutoka saa 6 hadi 3 na nusu, na nyanya tukazisogeza ziive mapema kabla ya Septemba.

Tatu, umbali. Wawili wenye mashamba ya juu wamechimba mita 400. Maji yale bado ni ya mto, tusidanganyane, lakini sehemu kubwa ya deni lao litaukuta mto mvua zinanyesha, na si Septemba. Gharama ya bomba iliwauma. Wengine wawili wamechimba bwawa la plastiki la kuvuna maji ya masika.

Na kibali. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inahusu mto na maji ya ardhini pia, kwa hiyo nendeni Bodi ya Maji ya Bonde lenu kabla ya fundi kuleta mashine. Mita 60 zinalinda ukingo. Hazijui lolote kuhusu mchanga wa chini.

Septemba iliyopita tulipima lita 10. Mzee wa ng'ombe alikuwepo, akashika saa yeye mwenyewe wakati kijiti kinaelea.