Timu Yako Ikitolewa Alfajiri

Mechi nyingi za fainali za NBA huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, na humalizika jua likikaribia kuchomoza. Kwa hiyo shabiki wa huku anafungwa akiwa hajalala, tumbo tupu, na kazini anasubiriwa. Tiba ya kwanza basi haihusiani na kikapu hata kidogo: oga, kunywa chai, na nafasi ikiruhusu lala walau saa moja. Hasira ya saa kumi na mbili asubuhi nusu yake ni usingizi. Usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp kabla ya mchana. Watani wako wanangoja ujitetee. Ukinyamaza hadi jioni utawakuta wamesharudi kwenye ugomvi wao wa Simba na Yanga.

Na kama uliiwekea timu yako mkeka, acha tabia hiyo. Mkeka ukichanika usiku uleule timu inapotolewa, hata mwenyewe hutajua unalilia timu au pesa.

Akili ikitulia, jiulize umefungwa namna gani. Vipigo havifanani, na shabiki anayevilia vyote kwa kilio kimoja huchelewa kupona.

Kuna kufungwa na bahati. Tarehe 12 Mei 2019, mjini Toronto, mchezo wa saba na wa kuamua wa mtoano, Philadelphia na wenyeji wao walikuwa 90 kwa 90. Kawhi Leonard wa Toronto alikimbia na mpira hadi pembeni, akaruka na kuurusha huku Joel Embiid wa Philadelphia, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, akimnyooshea mkono. King'ora kikalia, mpira ukadunda kwenye ringi mara nne, ukaingia. Embiid alitoka uwanjani akilia. Irudie video ile utakavyo, utaona kilekile: ulinzi mzuri na mpira uliokataa kutoka nje. Kwa kipigo cha namna hii, piga marufuku mtupo wa mwisho. Ukishindwa kujizuia, tazama robo ya pili au ya tatu. Huko ndiko mchezo wa tofauti ya pointi mbili unakopotelea, kwenye mitupo huru iliyokoswa na pasi zilizotupwa, na yale yanachambulika bila kuuma sana.

Kuna kufungwa na majeraha, ambako humalizwa kwa sentensi moja: tulikuwa pungufu. Ila iseme kwa kiasi. Mwaka 2018 kwenye mtoano Houston ilikuwa inaiongoza Golden State kwa michezo 3 kwa 2, mchezaji wake Chris Paul akaumia msuli wa paja na kukosa michezo miwili iliyobaki. Mashabiki wake wana haki ya kumtaja. Lakini katika mchezo wa saba, ambao Houston ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa pointi 11, timu ile ilikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Hapo msuli wa Paul hauwezi kubeba lawama zote.

Kuzidiwa tu ndiko kwepesi kuliko kote. Mpe mwenzako mkono, nenda kalale.

Baada ya hapo mashindano bado yanaendelea, na utataka kujua umshangilie nani. Wengi huangukia kwa yeyote anayecheza na aliyewatoa. Mimi nashauri kinyume: mshangilie aliyekutoa. Toronto ile iliendelea hadi ikaifunga Golden State michezo 4 kwa 2 na kutwaa ubingwa, na shabiki wa Philadelphia akapata la kusema kijiweni, kwamba bingwa aliponea kwao kwa mdundo wa ringi. Ni faraja ya bei nafuu, lakini inafanya kazi.

Kazi ngumu zaidi ni kuuokoa msimu wenyewe usifutwe na usiku mmoja. Ligi ina timu 30, zinazoingia mtoano ni 16, na inayomaliza kwa furaha ni moja. Mwaka 2023 Milwaukee, iliyoongoza ligi nzima kwa ushindi, ilitolewa na Miami raundi ya kwanza. Giannis Antetokounmpo, nyota wa Milwaukee, alipoulizwa kama msimu ule umefeli, alimkumbusha mwandishi kuwa Michael Jordan alicheza misimu 15 akapata mataji 6, kisha akahoji kama ile mingine tisa ilikuwa bure. Wapo waliomcheka. Mimi naona hesabu yake ni sahihi, na shabiki anaweza kuitumia hivi: chagua usiku mmoja wa msimu ulioisha uubakize. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alifika fainali 2001 na 2003 akafungwa zote, na hakuwahi kutwaa ubingwa. Picha yake inayokumbukwa zaidi ni ya 1994, akiwa chini sakafuni ameukumbatia mpira huku anacheka, siku timu yake ya Denver iliyoingia mtoano ikiwa ya nane ilipoitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Raundi iliyofuata Denver ilitolewa. Nani anaikumbuka?

Halafu kuna suala la kuhama. Usihame timu machungu yakiwa mabichi. Kama ni lazima, ngoja Oktoba ligi ianze. Wabongo walioichukua Memphis mwaka 2009, ilipomchagua Mtanzania Hasheem Thabeet namba mbili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, wanaielewa hatari hii. Februari 2011 Thabeet alipelekwa Houston na baadhi yao wakamfuata. Miezi miwili baadaye Memphis, ya nane Magharibi, iliitoa San Antonio ya kwanza kwa 4 kwa 2. Houston msimu huo haikugusa hata mtoano.